Kijana aliyekuwa hamalizi udhu: uchambuzi wa kisa

Mhusika wa kisa hiki ni kijana wa kiume wa miaka 22, mwanafunzi wa chuo mwaka wa tatu. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadili, na baadhi nimeyachanganya na ya vijana wengine wenye shida ileile. Hakuja kwangu kwa ajili ya dini. Alikosa vipindi vya asubuhi mpaka akakaribia kuzuiwa kufanya mitihani, na barua aliyoandikiwa ilimtaka aonane na mshauri nasaha.

Mikono yake ndiyo iliyotangulia kusema. Ngozi ilikuwa imepauka na kupasuka kwenye viungo vya vidole, mikono ya dobi kwa kijana ambaye kazi yake ni kushika kalamu. Nilimwuliza anaamka saa ngapi, akasema saa kumi alfajiri. Kipindi cha kwanza kilikuwa saa mbili asubuhi. Nikataka kujua hapo katikati anafanya nini. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Natawadha."

Udhu ni jambo la dakika tatu, na mwenye haraka hata mbili zinamtosha. Yeye alianza na nia, akaosha uso, kisha akajiuliza kama ile nia ilikuwepo moyoni pale maji ya kwanza yalipogusa ngozi au ilichelewa kidogo. Asipopata jibu, alianza upya. Akifika viwikoni aliona kuna pahali padogo pamebaki pakavu. Anaanza upya. Akimaliza miguu, tumbo lilicheza, na huenda upepo umemtoka. Upya tena. Siku nzuri alimaliza kwa dakika 40. Siku mbaya jua lilimchomozea akiwa bado bombani, na alfajiri ikawa ya kulipa. Kisha kulikuwa na takbira ya kufungia swala, ile "Allahu Akbar" ya mwanzo, ambayo aliirudia kwa sauti hadi wenzake chumbani wakajifunika mito masikioni.

Kijana huyu alikuwa akiwaswalisha wenzake. Msikitini ndiko walikokuwa rafiki zake, na baada ya isha walizoea kukaa barazani wakipiga soga. Aliacha kwenda siku mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni ya mabomba alipomwambia, kwa utani tu, "Sheikh, unatawadha au unaoga?" Wakacheka, naye akacheka nao. Hakurudi tena.

Nilimwuliza pia lile swali ambalo wengi huogopa kuliuliza, kama amewahi kutamani kufa. Akasema hapana, ila hutamani angekuwa bado mtoto. "Mtoto haandikiwi," alisema. Akabaki akitazama viatu vyake. Alimaanisha kwamba asiyebaleghe hahesabiwi swala, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa raha ya mwisho aliyoweza kuiwazia.

Kabla hajanifikia alikuwa ameshapewa maelezo matatu, na waliompa wote walimtakia heri.

Shangazi yake alisema ni hasadi. Kijana akasomewa ruqya, yaani aya na dua za kinga, akapewa maji yaliyosomewa ya kunywa na kuoga. Usiku ule alilala vizuri. Kesho yake akaamka na hofu mpya: alipokuwa akioga, baadhi ya maji yale yalimwagikia sakafu ya chooni, je, si ameyadhalilisha maneno ya Mungu? Mimi sina ugomvi na ruqya. Sura ya mwisho ya Kurani yenyewe inafundisha kuomba kinga dhidi ya mwenye kutia wasiwasi katika vifua vya watu, na Muislamu anayeamini kwamba chanzo ni shetani sina haja ya kumbishia. Ninachokitazama ni ile hofu ya sakafu. Kitu kilicholetwa kiwe dawa kiligeuzwa, ndani ya saa chache, kuwa jambo jingine la kutilia shaka.

Baba yake alisema ni uvivu wa masomo uliovishwa kanzu. Hili tuliache. Hakuna mvivu anayeamka saa kumi.

Maelezo ya tatu ndiyo yaliyomwumiza zaidi, na yalitoka kwa mtu wa fani yangu. Mshauri aliyemwona mwanzo alimsikiliza nusu saa, kisha akamshauri apunguze dini kidogo ili apumue. Nia yake ilikuwa njema. Ila kijana alitoka pale akiamini kwamba watu wa saikolojia watamponya kwa kumtoa kwenye Uislamu, akakaa miezi mingi bila kutafuta msaada wa aina yoyote. Ushauri wenyewe ulikuwa na kasoro nyingine. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Harvard, Ying Chen na Tyler VanderWeele, walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya vijana 5,000 wa Marekani tangu wakiwa wadogo hadi walipoingia utu uzima. Waliokulia katika kuhudhuria ibada kila wiki walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 18 zaidi wa kueleza kuwa na furaha kubwa walipofika miaka ya ishirini, na asilimia 33 pungufu wa kutumia dawa za kulevya, wakilinganishwa na wasiohudhuria kabisa. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha sababu kwa uhakika kamili, na vijana wale si wa kila nchi. Hata hivyo unatufanya tuulize ni kitu gani hasa mgonjwa huyu alikuwa amepoteza. Alikuwa ameshapoteza jamaa, baraza na wenzake. Ugonjwa ulikuwa umemwachia bomba peke yake, kisha mshauri akamwambia apunguze tena.

Alichokuwa nacho ni ugonjwa ambao wataalamu huuita kwa kifupi OCD (obsessive-compulsive disorder): fikra sumbufu zinazomvamia mtu bila kuzitaka, na matendo anayojiona hana budi kuyarudia ili fikra hizo zitulie. Takriban watu 2 kati ya 100 hupatwa nao wakati fulani maishani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba wastani wa umri wa kuanza ni miaka 19 na nusu, umri uleule ambao kijana huanza kuishi mbali na nyumbani na kuishika dini kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo wazazi na walimu wa dini hupotea njia, kwa kuwa dalili za mwanzo hufanana na uchaji. Anayetawadha kwa makini husifiwa, na huyu alisifiwa mwaka mzima.

Dini haikuuzaa ugonjwa huu. Nilipomhoji mama, alikumbuka jambo ambalo hakuna aliyewahi kulihusisha na udhu: akiwa na miaka 14 mwanawe aliamka usiku mara nyingi kwenda kuhakikisha komeo la mlango. Ugonjwa huu ungemkuta mtu asiye na dini yoyote, ungemkamatia kwenye hofu ya gesi ya jikoni au ya virusi. Wakristo nao wana historia yake ndefu. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, alipokuwa Manresa huko Hispania mwaka 1522, aliteswa na hofu kwamba hakuungama dhambi zake zote ipasavyo, akaungama tena na tena bila kupata faraja. Martin Luther naye alimchosha padri wake kwa maungamo ya saa nyingi. Ugonjwa huenda pale penye kitu mtu anachokithamini kuliko vyote, na ndiyo maana humshika mwenye imani kwenye imani.

Fikra zenyewe si dalili ya wazimu wala ya moyo mbovu. Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wa kawaida, wasio wagonjwa, na takriban wanane kati ya kumi walikiri kuwa nao hujiwa na fikra za namna hiyohiyo. Mtu mwingine fikra humpitia akaendelea na shughuli zake. Kijana wetu aliiona kila moja kuwa ni onyo linalodai jibu, na akijibu hupata nafuu ya dakika chache. Nafuu hiyo ndiyo inayoufundisha ubongo kwamba hatari ilikuwa ya kweli na kwamba kurudia ndiko kulikomwokoa. Mara inayofuata hofu huja mapema zaidi, ikidai zaidi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya hasa nikiandike kisa hiki. Kila mtu, akiwemo kijana mwenyewe, alidhani tatizo ni maji. Mimi naona maji yalikuwa nusu tu ya shida. Nusu ya pili, iliyokuwa ngumu zaidi kuigusa, ilikuwa kuuliza.

Likizoni mama yake alikuwa akisimama nje ya mlango wa bafu kumhesabia. "Mkono wa kulia tatu, mwanangu. Nimeona. Endelea kushoto." Alikuwa shahidi wake. Mwanzo alihesabu udhu wa alfajiri peke yake; miezi michache baadaye alikuwa akiitwa mara tano kwa siku, na siku moja alitolewa msibani arudi kuhesabu. Sheikh wa mtaani alipigiwa simu hadi saa tano usiku. Kijana alikuwa anatafuta fatwa kwenye simu mpaka usiku wa manane, na akikuta wanachuoni wawili wametofautiana, ndiyo siku hiyo hakulala. Wote hawa walimjibu kwa huruma, na jibu lao lilikuwa sahihi. Likamtuliza robo saa. Kisha akarudi na swali lilelile lenye kiambatisho kidogo: na kama nia ilikuja, lakini nikaisahau?

Elimu haikumpungukia. Aliijua kanuni ya fikihi kwamba yakini haiondolewi na shaka. Aliihifadhi hadithi, ambayo Bukhari na Muslim wameipokea, kwamba anayehisi kitu ndani ya swala asiiache mpaka asikie sauti au anuse harufu. Tazama alivyoitumia. Akihisi tumbo linacheza, alisimama tuli katikati ya rakaa, akazuia pumzi ili asikie vizuri, kisha akavuta hewa puani taratibu kuchunguza kama kuna harufu. Hukumu iliyowekwa ili watu waache kuchunguza, yeye aliifanya utaratibu wa kuchunguza. Baada ya kuona hilo sikuwa na haja tena ya kumsomea hoja zozote za dini. Kumpa hoja nyingine kungekuwa kumwongezea kifaa.

Kwa hiyo nilimwomba kijana ruhusa nimshirikishe sheikh wake, tukakaa watatu. Sheikh alikuwa amechoka na kesi hii, na hakuficha. Hakuwa mgeni wa jambo lenyewe. Alitueleza kwamba Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa karne ya 16, aliulizwa dawa ya wasiwasi akasema ni kuupuuza moja kwa moja, hata kama nafsi inasitasita. Akaongeza kisa kinachosimuliwa kuhusu Ibn Aqil wa Baghdad: mtu alimwambia kwamba hujizamisha majini mara nyingi na bado ana shaka kama janaba (hali inayomlazimu mtu kuoga mwili mzima kabla ya kuswali) imemtoka, naye akamjibu aende zake, swala imemwondokea, maana asiyejua kama amelowa baada ya kuzama ni mwendawazimu, na mwendawazimu haandikiwi. Sheikh alicheka alipokisimulia. Kijana hakucheka. Jibu la Ibn Aqil ni kali na lina ukweli, lakini mbele ya kijana aliyekwisha kutamani kutoandikiwa, nisingelitumia.

Mkutano huo ulizaa makubaliano. Sheikh angetoa hukumu moja, mara moja, na asingeirudia. Akamgeukia: "Kijana wangu, ukiosha kila kiungo mara moja udhu wako ni sahihi. Na usiponiamini, ni sahihi vilevile."

"Na kama sikuipata nia, sheikh?"

"Hilo nimeshalijibu."

Ilimchukua sheikh nguvu kunyamaza baada ya hapo. Nilimwona akifumbua mdomo na kuufumba.

Tiba tuliyoitumia ni ya kuikabili hofu huku mtu akijizuia kutenda lile analolazimika kulitenda. Ilianza kuonyeshwa mwaka 1966 na Victor Meyer huko London, na mpaka leo ndiyo tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa OCD. Kwetu ilianza na jagi. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo ambacho wanachuoni hukikadiria chini ya lita moja. Kijana alijaza jagi la lita moja na kuachana na bomba. Maji yakiisha, udhu umeisha. Kila kiungo mara moja tu, ijapokuwa mara tatu ni sunna. Ruhusa ya kuiacha sunna hiyo kwa muda ilitoka kwa sheikh, na isingeweza kutoka kwangu. Hapa ndipo wenzangu wengi hukwama. Wanamtaka mgonjwa avunje utaratibu, naye hawezi kutofautisha kuvunja utaratibu wa ugonjwa na kuvunja amri ya Mungu. Anahitajika mtu anayemwamini ampigie mstari huo.

Siku ya kwanza alitawadha bafuni kwetu. Mkono wa kushoto ulimshinda. Alitazama kiwiko kwa muda mrefu, jagi likitetemeka, kisha akakiacha. Kabla ya takbira nilimwomba aipe hofu yake namba kati ya 0 na 100. Akasema 90. Aliswali adhuhuri na hofu hiyo, takbira moja. Baada ya salamu ilikuwa 75. Nusu saa baadaye, tukizungumza habari za masomo yake, 40, na hakukuwa na mtu aliyemhakikishia chochote. Nilimweleza wazi kwamba hatutafuti uhakika kwamba udhu ulikuwa kamili. Tunatafuta uwezo wa kuswali huku shaka ipo. Wengi huona hilo ni dogo, lakini waumini wote huswali hivyo kila siku bila kulitambua.

Mama alikuwa na sentensi moja ya kujibu: "Hilo sijibu, mwanangu." Wiki za mwanzo alinipigia akilia. Alisema kumnyima mtoto jibu kunamuuma kuliko kumnyima chakula. Naamini kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya kijana, na vitabu vya tiba havimsifu vya kutosha.

Daktari wa magonjwa ya akili alimwandikia dawa ya kundi la SSRI, ambalo hutumika pia kutibu sonona. Kwa OCD dozi mara nyingi huwa kubwa kuliko ya sonona, na huchukua wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua kama imefaa. Kijana aliuliza kama ganda la kapsuli lina jelatini ya nguruwe. Je, hilo ni swali la dini au la ugonjwa? Mimi hupima kwa kitu kimoja: mwenye swali la kweli akijibiwa huridhika. Daktari alimbadilishia vidonge visivyo na ganda, akashukuru, na hakuligusa tena jambo hilo. Hilo lilikuwa la dini.

Kufikia mwezi wa tatu udhu ulikuwa wa dakika tano, na alihudhuria vipindi. Ndipo Ramadhani ikaingia na ugonjwa ukahamia mdomoni. Mate. Aliogopa kwamba baada ya kusukutua tone la maji limebaki likachanganyika na mate, na akimeza saumu imevunjika. Alishinda akitema kwenye kitambaa hadi midomo ikachanika, akaacha kusukutua, kisha akatilia shaka udhu usio na kusukutua. Waliomzunguka waliona tumerudi mwanzo. Mimi sikuona hivyo. Alichojifunza kwenye jagi alikipeleka kwenye mate mwenyewe, kwa msaada mdogo: asukutue mara moja, ateme mara moja, ameze. Kumeza kule kwa kwanza kulimtoa jasho. Siku kumi za mwisho za mwezi alifunga bila kitambaa, na tarawehe aliswali nyuma kabisa, karibu na mlango, ila aliswali na watu.

Kenneth Pargament, mwanasaikolojia aliyeandika sana juu ya namna watu wanavyokabili dhiki kwa dini, hutofautisha anayemwendea Mungu kama mwenza na msaidizi, na anayemwona kama anayemwadhibu au aliyemwacha. Namna hii ya pili ndiyo huambatana na hali mbaya zaidi. Nilimwuliza kijana mwishoni mwa mwaka Mungu anayemswalia ni yupi. Akasema zamani alikuwa kama anamswalia mtahini. Sasa hajui, ila hasahihishwi.

Yaliyobaki si machache. Kuoga janaba bado ni dakika 25, na hajakubali tuligusie jagi huko. Kuswalisha hajarudi, sheikh anataka arudi mapema ili ajiamini, mimi nataka arudi siku atakapoweza kusahau rakaa mbele ya watu akasujudu sijida ya kusahau asikimbie. Juzi alileta suala jipya: swala zote za miaka mitatu alizoswali kwa udhu wa mashaka, je, azilipe? Sheikh alijibu hapana, mara moja. Wiki iliyofuata kijana alimwuliza mama, kwa njia ya kuzunguka, kama anamfahamu mtu yeyote aliyewahi kulipa swala za miaka. Mama akamwambia hilo halijibu. Dozi ya dawa haijapunguzwa, na daktari amesema hatalifikiria hilo mpaka mitihani ipite.